UKIHAMA WEWE, TIMU INAKOSA BEKI!

Maisha ya mji wa watu 500 huko Australia, ambako benki walifungua wananchi na zimamoto ni jirani yako

Kama unasoma gazeti hili ndani ya daladala, umebanwa dirishani na jamaa usiyemjua na wala hutaki kumjua, basi tulia. Makala ya wiki hii ni yako.

Sisi watoto wa mjini tuna maringo yetu bwana. Mwambie mtu "nenda kakae kijijini" uone atakavyokutazama, utadhani umemtukana. Kijijini hakuna mpango! Kijijini hakuna muziki! Kijijini saa mbili usiku watu wako kitandani! Na ukitaja Australia, akili zetu zinakimbilia Sydney moja kwa moja: lile jumba la opera lenye mapaa kama matanga ya jahazi, fukwe, na vijana wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Nani ana habari na Rupanyup?

Rupanyup! Litamke polepole usijing'ate ulimi. Ni kamji kadogo katika eneo la Wimmera, jimbo la Victoria, karibu kilomita 300 kaskazini magharibi ya jiji la Melbourne. Wakazi wake ni kiasi cha 500. Hujakosea kusoma, ni mia tano. Kwa hesabu za hapa kwetu hao hawajazi hata ukumbi mmoja wa harusi ya mtu mwenye uwezo. Jirani yake ni Minyip, nao ukubwa wao ni huo huo.

Ukitoka nje ya mji ni tambarare tupu. Ngano, shayiri, adesi na dengu mpaka macho yachoke. Tena dengu za Australia husafirishwa hadi India, huko huko zinakokwenda na dengu za wakulima wetu wa Shinyanga. Kwa hiyo usiwaone wako mbali, sokoni ni washindani wetu hao!

Kabla walowezi wa Kizungu hawajaleta ngano yao katika karne ya 19, nchi hiyo ilikuwa na wenyewe, Wotjobaluk na jamaa zao. Walinyang'anywa, wakasukumwa pembeni, na ni mwezi Desemba mwaka 2005 tu ambapo Mahakama ya Shirikisho iliwatambulia haki yao ya asili katika sehemu ya eneo la Wimmera. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo hilo kutokea katika jimbo zima la Victoria. Hilo nimeona niliseme mapema, tusije tukadhani hadithi ya huko inaanza na trekta.

Haya, sasa twende mjini.

JUMAMOSI SI YA KULALA

Disko hamna, hilo nakubali. Lakini ukifika msimu wa mpira, yaani kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, baridi ya kule ikiwa inauma, jaribu kubaki nyumbani Jumamosi mchana uone! Utakuwa peke yako na paka.

Mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa Kiaustralia, mpira wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na miguu katika uwanja wa duara refu. Kila timu inaingiza watu 18. Goli lina nguzo nne na halina wavu. Ukipiga ukapita katikati unapata pointi 6, ukipita pembeni unapata 1, yaani zawadi ya kukosa! Wachezaji wanarukiana mabegani kudaka mpira hewani, na siku ya Jumatatu utawakuta wanachechemea kazini.

Watu huja na magari, wakayapanga kuzunguka uwanja, mabomba ya joto yanawaka ndani, chai iko kwenye chupa. Timu yao ikifunga, hawapigi makofi. Wanapiga honi! Magari yote kwa pamoja, piiiii! Ukiwa mgeni unaweza kudhani kuna msafara wa harusi.

Pembeni ya uwanja huo kuna kiwanja cha netiboli. Akina dada wanacheza siku hiyo hiyo, klabu hiyo hiyo, rangi za jezi hizo hizo. Asubuhi wanaanza watoto, wanafuata timu za akiba, alasiri ndiyo timu kubwa. Kwenye kantini wako akina mama na akina baba wanauza pai za nyama, na senti zote zinaingia kwenye mfuko wa klabu. Hakuna anayelipwa kwa kukaanga chipsi. Ni zamu, na zamu yako ikifika unafika.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu kidogo. Wachezaji 18 uwanjani, wengine benchi, ongeza timu ya akiba, ongeza za watoto, ongeza netiboli ambako kila timu inataka watu 7 na timu ziko kadhaa. Halafu kumbuka mji mzima una watu 500, wakiwemo vikongwe na watoto wa kubebwa. Umeelewa sasa? Kule hakuna mtu wa ziada. Kijana mmoja akifaulu mitihani akaenda chuo Melbourne, wazazi wanafurahi, kocha anashika kichwa. Ukihama wewe, timu inakosa beki!

Ndiyo maana vijana wengi wa miji kama hii husoma jijini, na Ijumaa jioni wanaendesha gari saa tatu na zaidi kurudi kucheza. Na pale ambapo hata hilo halitoshi, klabu zinaungana. Watu wa Minyip waliungana na watani wao wa mji wa Murtoa, leo wanacheza kama klabu moja. Hebu wewe fikiria Simba na Yanga waambiwe kuanzia kesho mnavaa jezi moja. Si watu watazimia! Wenzetu walimeza, kwa sababu njia nyingine ilikuwa ni kutokuwa na timu kabisa.

KING'ORA KIKILIA, BABA WATOTO ANAACHA WALI

Moto je? Wimmera wakati wa kiangazi ni kavu kama kiberiti. Kuanzia Novemba mpaka Januari ngano iko tayari, kombaini ziko shambani, jua kali, upepo mkavu unatoka bara. Cheche moja tu kwenye mashine na shamba zima limekwenda.

Kwa mji kama huo, usitegemee gari la zimamoto lenye askari wa mshahara wanaokaa kituoni wakicheza karata. Vijijini katika jimbo hilo zimamoto ni watu wa kujitolea, chini ya chombo kinachoitwa CFA. Anayekuja kuzima moto kwako ni muuza duka, ni mwalimu, ni mkulima wa jirani ambaye jana mlinuniana kwa sababu ya ng'ombe kuvuka seng'enge. King'ora au peja ikilia, mtu anaacha wali mezani anakimbilia gari. Wakulima wengi wakati wa mavuno huweka tangi la maji na pampu nyuma ya pikapu, moto ukionekana popote wanakwenda bila kuulizwa. Na siku ya hatari kubwa zaidi inatangazwa marufuku ya moto eneo zima, hata nyama choma ya kuni nje hairuhusiwi.

Kwa hiyo beki yule yule wa Jumamosi ndiye mtu wa zimamoto Jumapili, na pengine ndiye mjumbe wa kamati ya shule Jumatatu. Akihama, umepoteza watu watatu kwa mpigo.

Na je, kwa nini wanahama? Sababu kubwa ni mashine. Zamani shamba lilikuwa dogo na lililisha familia kubwa. Leo mtu mmoja na kombaini yake anavuna eneo ambalo zamani lingetaka kundi la watu, na mkulima anayebaki ananunua shamba la aliyeondoka. Ngano inazidi, watu wanapungua. Ongeza ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaendelea mpaka mwaka 2009, hapo ndipo wengi walipofunga virago.

BENKI ILIPOFUNGA MLANGO

Sasa tuingie kwenye kisa kilichofanya Rupanyup na Minyip zijulikane Australia nzima.

Miaka ya 1990 benki kubwa za Australia zilipiga hesabu zao zikaona matawi ya vijijini hayalipi. Zikaanza kuyafunga, moja baada ya jingine. Rupanyup na Minyip nao wakajikuta hawana benki.

Utasema, "Benki tu? Si waende mji mwingine?" Hapo ndipo penye ugonjwa. Mji mkubwa wa karibu ni Horsham, kiasi cha kilomita 50. Mwenye duka anafunga duka aende Horsham kuweka mauzo. Bibi anakwenda Horsham kuchukua pensheni. Na akishafika huko, akili ya binadamu unaijua. Ananunua sukari huko huko, anajaza petroli huko huko, anatengeneza nywele huko huko. Duka la nyumbani linakosa mteja, linafungwa. Mwenye duka anahama na wanawe watatu. Shule inapungukiwa watoto watatu, na timu ya watoto haitoshi. Yote hayo yanaanza na mlango mmoja wa benki!

Wengine wangekaa kulalamika na kuandika barua kwa mbunge. Hawa walikwenda kugonga mlango wa Benki ya Bendigo, chombo kilichoanzia kwenye machimbo ya dhahabu mwaka 1858 kama chama cha kukopeshana fedha za nyumba, kikawa benki kamili mwaka 1995. Mkurugenzi wake wakati huo, Rob Hunt, alikuwa na wazo lake kichwani. Akawaambia kwa maana hii: leteni pesa, sisi tutaleta leseni.

Mpango ulikuwa hivi. Wananchi wenyewe wanachanga, wanaunda kampuni, wanakuwa wanahisa. Kampuni yao inakodi jengo na kuajiri watu. Benki ya Bendigo inaleta leseni, mitambo na usimamizi wa kibenki. Mapato wanagawana. Na faida ya upande wa wananchi, sehemu inakwenda kwa wanahisa na sehemu inarudi kwenye shughuli za mji: uwanja, ukumbi, shule, mambo kama hayo. Ukitaka kufananisha, chukua chama chetu cha kuweka na kukopa, kipe mgongo wa benki kubwa.

Tarehe 26 Juni mwaka 1998 milango ikafunguliwa, Rupanyup na Minyip kwa pamoja, miji miwili na kampuni moja. Yalikuwa matawi ya kwanza ya mtindo huo Australia nzima. Wakubwa wa jijini huenda walicheka. Lakini wazo lile likasambaa kama moto wa mabua. Miji mingine iliyotupwa na benki ikaja kujifunza, na baadaye hata vitongoji vya jijini vikaiga. Matawi ya wananchi yakazidi 200 nchi nzima, na fedha zilizorudi kwenye jamii zao kwa miaka yote hiyo zimepita dola za Australia milioni 300.

Hebu soma tena hiyo. Wakulima wa dengu, wa mji usiojaza ukumbi wa harusi, wameifundisha nchi nzima kazi ya benki!

VIHENGE VYAPATA SURA

Kwenye miji yote ya Wimmera kitu cha kwanza unachokiona kwa mbali ni vihenge vya nafaka. Ni virefu, vya zege au bati, vimesimama kando ya reli. Vingi vilizeeka vikaachwa.

Kaskazini ya Minyip kuna kimji kingine kinaitwa Brim, hicho ndiyo kidogo zaidi. Vihenge vyake vilijengwa mwaka 1939. Mwishoni mwa 2015 akaja mchoraji kutoka Brisbane, Guido van Helten, akapanda na rangi zake, na ilipofika Januari 2016 alikuwa amechora wakulima wanne wenye urefu wa karibu mita 30. Si rais, si mfalme, si mcheza sinema. Watu wa shamba tu, na nyuso zao zimechoka.

Watu wakaanza kuja kuangalia. Magari ambayo zamani yalipita bila hata kupunguza mwendo yakawa yanasimama, wenyewe wanashuka, wanapiga picha, wana njaa, wana kiu. Miji ya jirani ikasema na sisi pia. Mwaka 2016 huko Sheep Hills, mchoraji Adnate alichora wazee wa wenyeji wa asili pamoja na watoto wao, wakitazama ardhi ile ile niliyokuambia. Mwaka 2017 mchoraji wa Kirusi Julia Volchkova akafika Rupanyup. Unajua alichora nini? Vijana wawili wa pale pale, wamevaa nguo za michezo, wa kike wa netiboli na wa kiume wa mpira! Beki wetu amepanda juu ya kihenge, ukihama utamwachia nani?

Leo njia ya vihenge hivyo, kuanzia Rupanyup mpaka Patchewollock, ina urefu wa kama kilomita 200.

MJI NI WATU, HATA WAGENI

Lakini picha haichezi netiboli. Mji unataka watu wenye miguu. Hapo Wimmera pia ndipo ulipo mji wa Nhill, mkubwa kidogo, wakazi kama 2,000, katikati ya barabara ya Melbourne na Adelaide. Nhill walikuwa na tatizo tofauti: kazi zipo, watu hakuna. Kampuni ya kufuga na kuchinja bata ilikuwa inatafuta wafanyakazi na haiwapati.

Kuanzia mwaka 2010 wakaletwa Wakaren, wakimbizi kutoka Burma waliokaa miaka katika makambi ya mpakani Thailand, kisha wakapelekwa Melbourne. Walianza wachache. Wenyeji wakaandaliwa mapema wajue ni nani anakuja, na nyumba zikatafutwa. Walioridhika wakawaita ndugu zao. Mpaka ripoti ya mwaka 2015 inatoka, walikuwa wamepita 160, na ripoti hiyo ya AMES na Deloitte Access Economics ikakadiria kwamba wameingiza katika uchumi wa eneo hilo dola za Australia milioni 41.5 na ajira zipatazo 70. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo hiyo!

Na usidhani mambo haya yalikuwa Victoria peke yake. Kuna kimoja kinachotugusa sisi wa huku. Mpakani mwa majimbo ya New South Wales na Queensland kuna kijiji cha Mingoola, ambacho shule yake ndogo ya msingi ilikuwa inaishiwa watoto. Wakati huo huo, mjini Sydney kulikuwa na familia za wakimbizi kutoka Maziwa Makuu, ndugu zetu wa Burundi, wakulima wa tangu na tangu, wamefungiwa ndani ya nyumba za jijini hawana hata shina la mhogo. Mwaka 2016 wanakijiji wakawaita, familia zikahamia na watoto wao, na darasa likapata kelele tena. Sisi tunakimbilia jiji, wenzetu walilikimbia jiji ili wapate jembe. Ama kweli dunia duara.

SI PEPONI LAKINI

Sitaki ununue tiketi kesho halafu unilaumu. Mji wa watu 500 una shida zake. Daktari wa kudumu ni adimu, hospitali kubwa ni safari. Basi ukilikosa limekwenda. Na siri? Sahau! Ukisimama na msichana nje ya posta Jumamosi, Jumapili shangazi yake anakuuliza utaoa lini. Kijana anayetaka kuwa tofauti na wenzake anaweza kuona kuta zinambana. Wengi wanaondoka, na siwalaumu, mimi mwenyewe sijui kama ningebaki. Wala benki na picha havijaumaliza ugonjwa wa miji hiyo. Mashine bado zinakula kazi, na mvua bado inaweza kugoma.

Ila kuna kitu kimoja wanacho ambacho sisi wa jijini tumekipoteza tukiwa kwenye foleni. Kule mtu ana uzito. Ukiumwa, Jumamosi wataona nafasi yako iko wazi uwanjani. Ukifiwa, kantini nzima inahamia kwako na masufuria. Ukihama, kuna king'ora kitakacholia na mtu mmoja atapungua kwenye gari la zimamoto.

Sasa nakuuliza wewe hapo dirishani. Mtaani kwenu mko wangapi, elfu tano? Elfu kumi? Ukihama kesho, nani atajua mbali na mwenye nyumba anayekudai kodi? Na yule mama wa chumba cha tatu, ukifa umeme wake leo usiku, unajua hata jina lake?

Hatuhitaji kwenda Wimmera kulima dengu. Mtaro wa mtaani kwetu umeziba tangu masika, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Timu ya vijana haina mipira. Watu 500 walifungua benki, sisi elfu kumi tunashindwa koleo mbili?

Jumamosi hii anza na salamu kwa jirani. Nyingine zitafuata. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!